Nyumba ya Bibi Shamba Tuliyoipiga Lipu

Bibi Shamba alikuwa na tabia moja mbaya: kumwagia maji kuta za watu. Ukimkaribisha ndani na kumpa maji ya kunywa, alikunywa nusu ya kikombe, akainuka, akaenda ukutani, akamwaga nusu iliyobaki. Kisha alisimama palepale mikono nyuma, akitazama. Ukuta ukiyanywa, alirudi kwenye kiti na kuuliza habari za ng'ombe na za shule. Ukuta ukiyakataa, maji yakateremka mpaka sakafuni, alimgeukia mwenye nyumba mbele ya wageni wote na kumuuliza, "Na jasho la watoto wanaolala humu linakwenda wapi?"

Alimfanyia hivyo mwenyekiti wetu wa kijiji, siku ileile aliyotualika kula pilau kwenye nyumba yake mpya. Maji yalishuka juu ya rangi ya krimu, yakaingia kwenye zulia. Mke wa mwenyekiti alikwenda kutafuta kitambaa. Mwenyekiti alicheka, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na mimi ndiye niliyeupiga lipu ukuta ule. Nilikuwa nimeusugua mpaka ukawa laini kama sahani. Sikumsamehe Bibi Shamba kwa muda mrefu.

Niseme mapema kwamba ninaandika haya nikiwa na hasira. Watu wa hapa kwetu Machochwe wakiisikia habari hii husema ni mambo ya bahati mbaya, Mungu alipanga. Mungu hakushika mwiko. Mwiko niliushika mimi.

Tulimwita Bibi Shamba kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta. Serikali ilimtoa mkoa mwingine ikamleta kwetu kutufundisha kilimo. Maofisa wengine walioletwa kama yeye walikaa wakisubiri barua ya uhamisho, na ilipofika hawakuaga mtu. Yeye alistaafu akabaki. Alinunua kiwanja mwisho kabisa wa kijiji, upande unaotazama hifadhi, ambako mtu mwenye akili timamu hajengi kwa sababu ya tembo. Tulimwambia. Alitujibu kwamba tembo naye ni jirani, na jirani hufundishwa mipaka.

Kikurya chake kilikuwa kibovu. Miaka yote ile, na bado akisalimia wazee kwa Kikurya watoto walikimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Hakujali. Alikuwa mbishi, mchoyo wa asali, na alichukia mbuzi kwa moyo wake wote. Alihubiri dhidi ya saruji asubuhi na jioni, lakini chumbani kwake alitundika kalenda ya duka la saruji la Mugumu, yenye picha ya jumba la ghorofa. Nilipomuuliza, alisema tarakimu zake ni kubwa, anaziona bila miwani. Alituambia soda inaoza meno, na hakuna mgeni aliyemletea soda akaondoka nayo. Sitaki kumfanya malaika. Angekuwa malaika, tuliyomtendea yasingeniuma hivi.

Lakini nyumba yake, jamani.

Kwetu, kabla ya saruji, mwanaume alisimamisha miti na mwanamke alikandika. Mama yangu alikuwa akisema ukuta ni wa aliyeukandika, na mwanaume anayegusa ukuta wa mwanamke bila kuitwa ametafuta aibu. Saruji ilipokuja, kuta zikawa za wanaume, tukaanza kuwaambia mama zetu wakae pembeni wasije wakachafua mchanga. Mimi mwenyewe nilikwenda kujifunza uashi Tarime mjini, kwa fundi mmoja Mwislamu aliyeanza kila tofali kwa bismillahi, na niliporudi kijijini nikiwa na timazi na mwiko wangu, mama yangu hakukandika tena.

Bibi Shamba alikandika nyumba yake kwa mikono yake. Alichukua udongo wa kichuguu, akauchanganya na mavi ya ng'ombe, majivu na nyasi zilizokatwakatwa, akauloweka shimoni kwa majuma mawili mpaka ukavunda. Harufu ilifika barabarani. Majirani walikwenda kulalamika. "Maziwa mnayaacha yagande ndipo mnayasifu," aliwaambia. "Na udongo nao uacheni." Kabla ya kukandika alitia ute wa majani ya mpungate, mmea ule wa miiba, aliyoyaloweka kwenye ndoo, ili mvua isiule ukuta. Ukuta ulipokauka, ungeweza kuugonga kwa ngumi ukaumia wewe.

Aliuita mwili. "Nyumba ni kama ng'ombe," alisema. "Ukijua inakula nini, inakunywa nini na inatoa nini, umeijua. Usipojua, unafuga mzoga." Na kweli nyumba ile ilikula na kutoa. Matundu yalikuwa chini upande wa upepo na juu upande wa pili, hivyo hewa baridi iliingia miguuni na hewa ya moto ikatokea chini ya paa. Jiko lilikuwa kwenye kibanda chake kando, lakini kwenye nyumba kubwa nako aliwasha moto kidogo kila juma, ili moshi upande kwenye nyasi za paa, wadudu wasitie mguu. Mchana wa Februari, mwezi ambao chini ya bati langu hata mbwa alikuwa akitoka nje, kwa Bibi Shamba ulitamani shuka.

Maji ya kuogea yalipita kwenye mfereji wa mawe, yakaingia kwenye shimo la kokoto alilopanda matete, yakatoka upande wa pili hayana harufu, yakaenda kwenye migomba. Ukienda kuoga kwake ulipewa kipande cha sabuni ya mche. Mke wangu alikwenda siku moja na sabuni ya unga akafukuzwa kama mwizi, kwa sababu sabuni ile ingeua vijidudu vya kwenye kokoto, na vijidudu hivyo, alisema, ndio wafanyakazi wake wa pekee wasioomba likizo. Baadaye alimletea mke wangu mkungu wa ndizi. "Kula," alimwambia. "Hizi zimekunywa miguu ya mumeo." Nilikuwa nimeoga pale juma lililotangulia. Mke wangu hakula siku ile. Kesho yake alikula zote.

Na nyuki. Ukuta wa chumba cha mahindi, ule uliotazama hifadhi, aliutundikia mizinga sita ya magogo chini ya upenu. Tembo akija usiku kwa harufu ya mahindi alikutana kwanza na ngurumo ile. Mnyama mkubwa vile, anaogopa kuumwa masikioni na kwenye mkonga. Tulikuwa tukikuta nyayo zao asubuhi, zimekuja mpaka kwenye migomba, zimesimama, zimegeuka. Upande ule wa kijiji nyumba tatu zilivunjwa ghala kwa miaka tofauti, watu wakalala njaa. Ya Bibi Shamba haikuguswa. Tuliona kwa macho yetu. Hilo ndilo linalonitia wazimu: hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa, tuliona wote, na bado tulisema ni nyumba ya tope.

Ilikuwa hivi. Bibi Shamba aliteleza kisimani akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali Musoma, akakaa huko miezi. Vijana aliowafundisha, ambao sasa ni watu wazima wenye kazi Mwanza na Dar es Salaam, walikuwa na kundi lao la WhatsApp la kumwombea. Mmoja wao alipita kijijini, akapiga picha ya nyumba, akaituma. Nilikuwa kwenye kundi, niliona. Aliandika: "Hivi ndugu zangu, huyu mama aliyetufanya watu, kweli anaishi hapa? Hatuoni aibu?"

Wakalia. Mtu mmoja mmoja, walituma vikaragosi vya machozi. Juma halijaisha, mchango ulikuwa umekamilika na mwenyekiti wa kijiji ameteuliwa kuusimamia. Bati, saruji, rangi, mlango wa chuma. Fundi? Fundi yupo, kijana wake wa nyumbani. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka nikakataa ujira. Nilijiona mtoto mwema.

Mke wangu alikuwa akichambua mchicha nilipomweleza. Aliuliza neno moja tu.

"Mmemuuliza?"

"Zawadi haiombewi ruhusa," nilimjibu.

"Ukuta ni wake, Baba Ghati."

"Mgonjwa ataulizwaje habari za ukuta?"

Alirudi kwenye mchicha wake. Ningekuwa na masikio, ningesikia sauti ya mama yangu ndani ya maneno yake.

Tulianza na mizinga. Vijana walichoma tairi chini yake mchana kutwa, na mwenyekiti akasema mama mgonjwa hawezi kukaa na wadudu hatari. Nyuki waliosalimika walihama kwa kundi moja jeusi kuelekea hifadhini. Tukashusha nyasi, tukaezeka bati. Tukaziba matundu ya chini, kwa sababu ya nyoka, na ya juu, kwa sababu ya popo. Tuling'oa matete, tukafukia kokoto, tukakata migomba iliyoukaribia ukuta kwa sababu ilifanya mahali paonekane pori, tukamwaga sakafu ya saruji kuzunguka nyumba nzima. Kisha nikaupiga lipu ukuta wake.

Udongo ulinikatalia. Niliupiga saruji ikaanguka, nikaupiga ikaanguka. Mkono wa fundi unajua mambo ambayo kichwa chake hakitaki kuyasikia. Nilipigilia wavu wa kuku ukuta mzima kwa misumari ili lipu ishike, na kila msumari ulipoingia, udongo ule wa kichuguu ulitoa harufu ya nyasi mbichi. Nilimaliza kwa niru nyeupe, ule urojo mwembamba wa kulainishia ukuta. Watu walikuja kupiga picha.

Siku aliyorudishwa tulimpokea kwa vigelegele. Alishuka kwenye gari na fimbo mbili, binti yake muuguzi amemshika kiuno. Mwenyekiti alihutubia. Kijana mmoja alishika simu juu, ili waliochanga waone moja kwa moja. Utepe ulikatwa. Bibi Shamba alisimama kwenye ile sakafu ya saruji, akatazama mahali palipokuwa na matete, akatazama chini ya upenu, akatazama ukuta kutoka chini mpaka juu.

"Nipeni maji ya kunywa," alisema.

Wote tuliomfahamu tuliutazama ukuta. Mke wangu alimletea kikombe. Alikunywa nusu. Akakishika kikombe hivyo kwa muda, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake, nikisubiri. Kisha akanywa na nusu iliyobaki, yote, akarudisha kikombe kitupu.

"Ahsanteni sana wanangu," alisema. "Mmefanya kazi kubwa."

Watu wakapiga makofi. Nilitaka kupiga, mikono ikakataa.

Nawauliza wenzangu mpaka leo: angesema nini? Mtu ametoka hospitali, hawezi kusimama peke yake, watu wamechanga, wanalia, simu iko juu. Zawadi ya namna ile inafunga mdomo kuliko matusi. Tusi unaweza kulirudisha.

Masika yalipokuja, bati lilianza kutoa jasho. Kila alfajiri matone yalimdondokea kitandani, kwa sababu pumzi haikuwa na pa kutokea. Maji ya mvua yakapita kwenye nyufa za lipu na kukaa ndani, kati ya saruji na udongo, hayana njia. Ukuta ukavimba. Ukiugonga ulisikia uwazi. Maji ya kuogea, yaliyokuwa yakilisha migomba, sasa yalisimama uani yakazaa mbu. Bibi Shamba akaanza kukohoa, akahamishia kitanda chake jikoni, kile kibanda cha nyasi tulichokiacha kwa sababu kilikuwa nyuma na hakionekani barabarani.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nikamwambia tubandue lipu, nitafanya bure, turudishe matundu.

"Fundi," alisema, "unataka waliochanga watuone wajinga?"

"Mama analala jikoni, mzee."

"Basi hana shukrani. Wangapi hapa wana bati?"

Nikaondoka. Nami sikubandua. Ningeweza kwenda na nyundo peke yangu, nani angenizuia? Sikwenda. Niliogopa kuonekana fundi anayebomoa kazi yake mwenyewe. Hasira yangu kwa mwenyekiti ni kubwa, lakini yeye aliongea tu.

Mahindi yalipovunwa na kuingizwa chumbani, tembo walikuja. Hapakuwa na kitu cha kuwasimamisha. Dume moja liliweka paji lake kwenye ule ukuta mweupe, na ukuta, uliokuwa umeoza ndani kwa maji, ulianguka kama uji. Lilikula mpaka likashiba. Bibi Shamba alikuwa jikoni, hatua kumi na tano kutoka pale, amelala chini bila kukohoa, akiwa amejiziba mdomo na khanga. Asubuhi nilipofika, vipande vya lipu yangu vilikuwa vimetapakaa uani, bado vimeshikana na wavu wa kuku. Saruji ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni udongo.

Kwenye kundi waliandika: "Pole sana mama yetu."

Binti yake alikuja na gari akamchukua, akaenda kukaa naye Mugumu.

Nilimwona tena mwaka huu, kabla ya mvua za vuli. Nilikwenda Mugumu kununua misumari, nikabeba mkungu mmoja wa ndizi, kwa sababu mgomba mmoja nyuma ya jiko lake haukufa. Nyumba ya binti yake ni nzuri, sina ubishi: madirisha ya alumini, dari la jipsamu, vigae mpaka barazani, maji ya bwawa la Manchira yanafika kwenye bomba la jikoni. Feni ilikuwa ikizunguka na joto likizunguka nayo. Bibi Shamba alikuwa kwenye kochi, amepungua mno, vidole vya mikono yake vimekunjamana na havifungi tena.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba, fundi. Za Machochwe?"

"Nzuri. Nimekuletea ndizi za kwako."

Alizinusa kwanza. "Zimekunywa nini hizi?"

"Mvua tu."

"Maskini," alisema, na sikujua ni mimi au ndizi.

Tuliongea habari za watu. Aliniuliza kama nyuki wamerudi, nikamwambia hapana. Kisha nikatoa lile lililonipeleka. Nilimwambia nataka kubandua lipu yote iliyobaki, nitoe bati, nijenge upya ule upande ulioanguka, kwa udongo wake, nivundike kama alivyovundika yeye. Nilimwambia mke wangu atakandika. Niliongea haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa.

Hakunikatiza. Alipoona nimemaliza aliinua mikono yake miwili mbele ya uso wangu, nione vidole.

"Ungeniuliza nikiwa nayo," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Wote nimewasamehe. Mlinihurumia, wanangu. Mlinihurumia mpaka nikakosa pa kulala."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenitukana.

Binti yake aliingia na sinia, akatuletea maji baridi kwenye glasi, akarudi jikoni. Bibi Shamba alikunywa nusu. Akanipa mkono, nikamwinua, uzito wake ulikuwa wa mtoto. Tulikwenda polepole mpaka ukutani, ukuta wa rangi ya maziwa, uliosuguliwa na fundi hodari kuliko mimi. Aliibana glasi kwa viganja viwili, akaimimina mwenyewe. Maji yalishuka moja kwa moja, hayakuacha hata alama, yakatambaa juu ya vigae mpaka chini ya kochi.

"Mama jamani!" binti yake alitoka jikoni akikimbia, dekio mkononi. "Kila siku hivi! Mtu atateleza avunjike tena!"

Bibi Shamba alikuwa ananitazama mimi, mikono nyuma, kama alivyokuwa akiwatazama wenye nyumba.

Nilichukua dekio mkononi mwa binti yake, nikapiga magoti, nikapangusa.